Mboni ya Tawakali

Eda ni ndefu, na mjane hana ruhusa ya kutoka ovyo, kujipaka wanja wala kukaa na wanaume wasio maharimu zake. Hakuna aliyesema asiandike. Basi naandika, kwa sababu nisipoandika nitapasuka. Siku ya khitima ya mume wangu nilikaa kwenye pembe ya chumba cha ndani, hapa hapa Koyama, pazia limeshushwa kati yangu na baraza, na tangu asubuhi nilisikia sifa zikiingia pamoja na moshi wa ubani. "Mkono wa Fundi Athmani ulikuwa na karama," alisema mzee Kombo, baharia wa zamani wa chombo kiitwacho Tawakali, ambaye sasa hata ngazi ya nyumba yake humshinda. "Mchu aliyepaka macho ya Tawakali, kisha akamwekea Mngu nadhiri asipake tena. Nani yeo aweza hayo?" Wakaitikia kwamba hakuna mtu wa leo awezaye, wakasoma Fatiha. Mwanamke aliyeketi ubavuni pangu akanifinya goti, akanambia nishukuru, maana nimeishi na mtu wa karama. Nikamjibu kwamba nimeishi na mtu. Alidhani ni uchungu wa kufiwa, akanikumbatia. Hasira niliyokuwa nayo ina umri mkubwa kuliko watoto wangu, na sikuwa na nafasi ya kumweleza katikati ya Fatiha.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule mtepe wa Tawakali ulipojengwa. Siku zile bendera ya Kismayu ilikuwa ya Sayyid wa Unguja kwa jina na ya Wazungu kwa nguvu. Mwaka huu Mwingereza amempa Mtaliani mji wote, kama mtu anayempa jirani kuku, na sisi visiwani tulizipata habari tukiwa tunapara samaki. Nilizaliwa wapi na nani alinilea si maneno ya hapa. Nilikuwa bibi harusi wa juzi, hina haijafutika mikononi, nimeletwa katika nyumba ya mawe yenye chumba cha mbele, chumba cha ndani, jiko la makuti uani, na ghala lisilo na dirisha ila kitundu cha kupitishia pumzi. Mama wa mume wangu, Bi Hija, alikuwa hodari wa kusuka mikeka kuliko wote kutoka hapa mpaka Darakasi, na mwenyewe alilijua hilo. Asubuhi tulikula mkate wa mofa wa mtama kwa mchuzi wa papa mkavu, kisha tukakaa uani kuchovya miyaa, yale majani ya mkindu yaliyochanwa ya kusukia, katika maji ya magome ya mkandaa, mkoko wa pwani, mpaka ikolee wekundu. Alinifundisha kwamba mkeka wenye rangi nyingi ni wa mtu asiyejua anachotaka, na kwamba mstari mmoja mweusi ukiwekwa mahali pake huufanya wekundu wote useme. Kila nilichokuja kukijua juu ya rangi kilianza hapo, kwenye ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka. Wanaume waliposema barazani kwamba mikeka ni kazi ya kupitishia wakati, Bi Hija alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Na nyinyi mwalala juu ya nini?"

Mtepe ulikuwa ukijengwa pwani chini ya kijiji. Wasioujua wajue kwamba chombo hicho hakina msumari hata mmoja. Mbao hutobolewa na kushonwa kwa kamba za nazi, kama mtu anavyoshona nguo. Mwenyewe alikuwa Bwana Haji, tajiri wa Kismayu, aliyetaka chombo cha kubebea boriti. Na mtepe haukamiliki bila macho mawili kwenye omo, mbele kabisa, kwa sababu wazee wetu walisema chombo kipofu hakiijui pwani yake. Kuyapaka macho hayo ilikuwa kazi ya mume wangu kama ilivyokuwa kazi ya baba yake: duara jeupe, ndani yake duara jekundu, katikati duara jeusi, basi. Mimi nilikuwa msaga rangi. Ngeu, ule udongo mwekundu, kwenye bakuli moja, masizi kwenye bakuli jingine, vyote vimekorogwa kwa mafuta ya papa yaliyochemshwa, harufu yake ikikufuata mpaka kitandani. Siku moja Athmani alilichukua bakuli la masizi, akalisogeza karibu na pua, akasema, "Wekundu huu mzuri, Mwanakombo." Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Aliliweka chini polepole, na hapo ndipo nilipouelewa ule ukungu juu ya mboni zake, ambao tangu nimeolewa nilidhani ni uchovu wa jua.

"Nani mwingine ajuaye?" nilimuuliza.

"We," alisema. "Hata mama hajui. Mkono wangu waijua kazi, macho ndiyo yanokataa. We una macho."

Nilijua anachotaka kabla hajakimaliza, na yeye alijua kwamba najua. Mabaharia wetu wana msemo: mkono wa mchumke hulegeza kamba. Maana yake mwanamke asikiguse chombo kabla hakijaonja maji, ama mishono italegea na watu watazama. Nimeusikia msemo huo tangu nikiwa sina meno, na mpaka leo nikiusikia damu hunipanda. Kamba zenyewe nani alizisokota? Makumbi ya nazi tuliyafukia matopeni sisi wanawake, tukayafukua sisi, tukayapiga kwa magongo, tukazisokota kamba juu ya mapaja yetu mpaka ngozi ikachubuka. Mikono yetu ilikuwa na nguvu zote za kuifanya kamba. Ilipomfikia mwanamume, ghafla mikono ile ile ikawa inailegeza. Na hakuna aliyeona kichekesho hapo. Athmani aliwaambia maseremala kwamba mchanga wa pwani unaharibu rangi, akavibeba vile vibao viwili vya macho, ambavyo hupachikwa kwenye omo mwishoni, akavileta nyumbani, akaufunga mlango wa chumba cha ndani.

Kibao cha kwanza nilikipaka kama alivyoniamuru, duara ndani ya duara. Nilipomaliza nilikitazama nikaona sahani. Nikamwambia, "Hii ni sahani." Akasema ndivyo baba yake alivyopaka. Nikamuuliza chombo hutiwa macho ili kifanye nini. "Kione," akasema. Nikamwambia kitu kinachoona hutazama, na hiki hakitazami. Hakuwa na njia ya kujua kama nasema kweli. Niliifuta rangi kwa kitambaa nikaanza upya, na tangu siku ile nikawa naenda uani kusuka huku namwiba Bi Hija kwa macho. Kila alipoinua kichwa kutoka kwenye ukili ili anikaripie, nilichukua kitu: ule mkunjo mzito wa kope, wekundu mdogo wa pembeni upande wa pua, na ndani ya jicho lake la kulia, karibu na mboni, ile alama nyeupe kama punje ya mtama, iliyobaki tangu utoto wake, ilipomchoma ncha ya mwaa. Bi Hija alikuwa amepoteza wana wawili baharini kabla sijaingia nyumba ile. Hakuwahi kuwataja mbele yangu. Lakini kila aliposikia upepo umegeuka aliangalia upande wa maji kwa namna ambayo hakuangalia kitu kingine chochote, na namna hiyo ndiyo niliyoitaka. Nilitaka Tawakali uiangalie bahari kama mama anayeijua, bila kuiamini hata kidogo.

Sikuitupa desturi. Duara jekundu la wazee nililiacha nje, nikalizungushia mstari mwembamba mweusi wa mkeka, ule wa Bi Hija, na ndani yake nikapaka jicho la mtu. Kalamu yangu ilikuwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha. Athmani alikuja jioni, akapitisha vidole hewani juu ya ubao asije akaharibu, akauliza, "Kimekuwaje?" Nikamwambia, "Kinakutazama." Alirudi nyuma hatua moja, na nakiri kwamba nilifurahi.

Ilibaki mboni, nayo ndiyo iliyotunyima usingizi. Mboni haitiwi mapema. Siku ya kushua chombo, kukiteremsha majini, watu wote wakiwa pwani na Fatiha imekwisha kusomwa, fundi mwenyewe husimama mbele ya omo akatia mboni kwa mkono wake, na hapo ndipo chombo huhesabiwa kwamba kimefumbua macho. Athmani angeitia wapi? Angeweza kuitia kwenye kope, au puani kwa seremala. Alisema tuseme anaumwa. Nikamwambia fundi anayeumwa siku ya kushua hubadilishwa, na atakayeshika nafasi yake atataka kuziona rangi zetu karibu. Nikakaa jikoni nikifikiri, nikajaribu kwenye vigae vya chungu kilichovunjika, na nikapata njia. Nilitia mboni zote mbili nyumbani, kwa masizi na mafuta ya papa, nikaziacha zikauke kabisa. Kisha juu yake nikapaka chokaa tupu isiyo na mafuta. Ukitazama unaona jicho jeupe lisilo na mboni. Ukipitisha kitambaa chenye maji, chokaa hutoka na masizi hubaki. Angehitaji kujua kupangusa tu, na hilo hata kipofu anaweza.

Kabla sijamkabidhi ile siri nilimuuliza atanipa nini. Akasema nitaje. Wakati ule Bi Salha, mke wa Bwana Haji, alikuwa akimwoza binti yake huko Kismayu, na habari zilikuwa zimetufikia kwamba anataka chumba cha bibi harusi kipakwe rangi, zidaka zote, vile vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, mpaka darini, ila hana wa kukipaka, maana mwanamume hawezi kuingia chumba cha wanawake. "Tukifika Kismayu kwenye hiyo harusi, mwambie Bwana Haji kwamba mkeo ajua kupaka," nilimwambia. "Usiyataje macho. Usiutaje mtepe. Sema najua kupaka, basi." Aliutafuta mkono wangu, ambao ulikuwa mweusi wa masizi, akaushika. "Tamwambia, wallahi," akasema. Nataka ijulikane nilivyoomba kidogo. Sikudai sifa za Tawakali. Nilidai neno moja, lisemwe kwa tajiri mmoja, juu ya chumba kimoja.

Siku ya kushua kisiwa kizima kilikuwa pwani, wanawake tumetengwa upande wetu karibu na masufuria ya wali wa sadaka. Athmani alivaa kanzu mpya, akaongozwa na seremala mkuu mpaka kwenye omo, watu wakidhani ni heshima. Fatiha ilisomwa. Akachovya kitambaa katika bakuli la maji, akasema bismillahi, akapangusa mara moja kulia, mara moja kushoto. Mboni zikatokea. Hakuwa na kalamu mkononi, hakuwa na rangi, na macho yale mawili yakawa yanatazama watu. Kisha sauti zikapanda, takbiri juu ya takbiri, wanaume wakamkimbilia kumshika mikono, na mtu mmoja alilia. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja karibu akaligusa jicho kwa kidole, akaulizwa kama si haramu, akafikiri sana, akasema jicho lisilo na kichwa halina roho. Athmani angeweza kusema wakati ule kwamba ni ujanja wa fundi. Watu wangecheka, wangemsifu kwa ujanja, na mambo yangekwisha. Alifungua mdomo akasema, "Ni kwa uwezo wa Mngu." Kila kitu ni kwa uwezo wa Mungu, hakusema uongo. Ila mimi nilisimama kwenye moshi wa sufuria nikaiona chokaa yangu ikitiririka kwenye mkono wake wa kanzu, na watu wanaubusu mkono huo.

Bi Hija hakupiga vigelegele. Alisimama akalitazama jicho la kulia kwa muda mrefu, akatazamana nalo. Tuliporudi jikoni akanifungia mlango, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akanambia, "Mwanangu hajanitazama usoni tangu alipoota ndevu. Hajui kama nna alama hii. Aijuaye ni mchu akaaye mbele yangu kila siku, asuka ovyo ovyo kwa kuwa macho yake hayako kazini." Nikaogopa, lakini haikuwa hasira. Aligusa kope lake kwa kidole. "Ndivyo nlivyo?" akauliza. Nikamwambia ndivyo alivyo anapotazama maji. Kisha akasema kitu ambacho sijamsamehe kamwe, na Mungu amrehemu. Akasema, "Ni kizuri mno. Nyamaza, mwanangu. Walomo ndani ya chombo kile wana wake zao na mama zao." Alinijua na akanifunga mdomo kwa pumzi moja.

Tulikwenda Kismayu ndani ya Tawakali wenyewe. Chombo kilikuwa kimeshaonja maji, kwa hiyo sasa niliruhusiwa kukigusa; niliweka kiganja kwenye mishono njia nzima ili kila mtu aone. Bwana Haji alitupa chumba cha nyuma ya sebule yake, kimetengwa na wanaume kwa pazia zito la kitambaa cha Bara Hindi. Sijawahi kula kama nilivyokula nyumba ile: wali wa samli, mbuzi aliyelainika mpaka kwenye mfupa, maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi, na jirani zao Wasomali wakileta buni nzima za kahawa zilizokaangwa kwa samli, unazitafuna na kujipaka mafuta yake kwenye nywele. Bi Salha alinipeleka kuona chumba cha bibi harusi. Kilikuwa kimepakwa chokaa mpya, zidaka zimepangwa safu juu ya safu mpaka karibu na dari, tupu zote. Nilisimama mlangoni nikazipaka zote kwa macho: huku chini mistari ya mkeka, katikati majani ya mkandaa yenye maji chini yake, na juu kabisa, mahali ambapo bibi harusi angeangalia akilala, macho ya wanawake waliomlea, mmoja mmoja, kila moja na alama yake. Bi Salha alikuwa mtu wa maneno laini. "Mumeo fundi mkubwa hivi," akasema, "nawe hukuokota hata kidogo?" Nilikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi. Lakini tulikuwa tumeagana kwamba atasema yeye, na mke mwema wa siku zile hamtangulii mumewe. Nikamwambia, "Mume wangu atazungumza na Bwana."

Na kweli alizungumza. Ilikuwa adhuhuri, baada ya chakula, nami nimekaa upande wangu wa pazia nikisikia vikombe vyao vikigongana. "Mke wangu anisumbua na chumba chake," Bwana Haji alisema. "Hivi mkeo je, Fundi? Hawezi kutusaidia?" Nikasikia kikombe kimewekwa chini. Niliushika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili. "Mwanakombo?" Athmani akasema, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. "Yule mchu wa mikeka. Mpe rangi, ataichovyea miyaa." Wakacheka. Bwana Haji alicheka mpaka akakohoa. Kisha Athmani akaanza kumsimulia, kwa utulivu kabisa, jinsi alivyoliona lile jicho usingizini, lenye alama nyeupe kama punje, na jinsi alivyoamka na mkono wake unaijua kazi. Hiyo punje ya mtama nilimweleza mimi. Nilimsimulia jicho zima, kope kwa kope, ili akiulizwa awe na la kusema.

Nilimngoja alipoingia chumbani. Nilimuuliza kama ameishiwa na maneno mpaka akatumia yangu. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliketi akaeleza kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto huunguza. Wakijua una mkono, alisema, watayatazama macho yangu. Wakiyatazama macho yangu watajua nani alipaka Tawakali. "Chombo kiko njia ya Lamu na wachu ndani," akasema. "Kikipata dhoruba, wake wao wamwendea nani? Wanitaka nikupe sifa ama nikufiche?" Halafu akaongeza, kwa upole uleule, "Muombe Mngu kifike." Na mimi nikakiombea. Kwa muda mrefu hakukuwa na sala niliyoiswali bila kukitaja chombo kile, si kwa kuamini kwamba mkono wangu hulegeza kitu, ila kwa kuwa aliniwekea roho za watu begani akaenda zake kunywa kahawa. Chumba cha bibi harusi kiliachwa na chokaa yake. Tulikula biriani ya harusi ndani yake, kuta nyeupe pande zote, na wanawake walisema pazuri, pana nuru.

Tuliporudi Koyama alitangaza nadhiri. Macho yale yalikuwa tunu, akasema, na mtu hapewi mara mbili, kwa hiyo ameweka kalamu chini. Werevu gani huo. Aliyeishiwa na macho akawa mcha Mungu, na jina lake likabaki juu pasipo kazi ya kulishusha. Miaka ilipopita upofu ulipoonekana wazi, watu walisema macho yake aliyatoa akayatia kwenye chombo. Nililisikia neno hilo kwenye harusi, kwenye matanga, kisimani. Mara moja nililisikia kwa binti yangu mwenyewe, nami nikaondoka nikaenda kukuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Bi Hija alinipa ghala. Alisema mle haingii mwanamume, akaniachia pipa la chokaa, na hilo ndilo lililokuwa pole yake. Nimepaka kuta za ghala lile maisha yangu yote. Nimepaka mikono ya wasokota kamba, nimepaka miguu ya wanawake waliosimama kwenye maji wakitafuta kome, nimepaka Bi Hija amekufa, na Athmani amelala mdomo wazi. Niligundua kwamba nikipaka kitu kama kilivyo, ukingo wake wenyewe hutaka mstari wa mkeka, kama vile mambo ya kweli hayatulii mpaka yafungwe ukingo. Hakuna aliyenifundisha hilo, na hakuna niliyemfundisha. Kila Shaabani, nyumba ikisafishwa, nilipaka chokaa juu ya vyote nikaanza upya. Watu watasema angalau nilipaka. Nawajibu mapema: chakula anacholishwa mtu kupitia tundu la mlango humshibisha, lakini bado amefungiwa.

Tawakali haukuzama. Ulibeba boriti na chumvi na mahujaji, ukashonwa upya mara nyingi nisizozijua, manahodha wake wakafa kwa homa na kwa uzee juu ya vitanda vyao. Mwaka huu mbao zake zimechoka, ukavunjwa pwani ya Kismayu na watu wakazipikia kama kuni. Chombo kilichoguswa na mwanamke kimekufa kwa uzee. Shali, mtoto wa Bwana Haji, alikiokoa kibao cha jicho la kulia, na siku ya khitima alikuja nacho kimefungwa kwenye mkeka. Alikaribia pazia, akanipa mkono wa pole kwa maneno. "Mama," akasema, "twataka kukitundika barazani kwetu kwa jina la marehemu. Ila mboni imeliwa na chumvi, imebaki weupe. Na mkono wa kuirudisha ndio huo tuliouzika juzi."

Nilimwambia asiondoke. Nikamtuma binti yangu jikoni akakwangue masizi ya chini ya sufuria la khitima, akoroge kwa mafuta ya papa, aniletee na mswaki. Aliniuliza wa nini. Nikamwambia alete. Niliutafuna mswaki mpaka ncha ikalainika. Kisha nikamwambia Shali, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye baraza ya mwisho, aushike ubao karibu na pazia, juu ya kifua, asitetemeke. Nikatoa mkono, jicho langu likiwa kwenye upenyo wa pazia. Ni mkono tu uliotoka, mpaka kwenye kiwiko, mkavu, wa mtu mzima, na pazia likabaki limeshuka kama sheria inavyotaka. Nilisikia kikombe kimoja kikiwekwa chini, halafu vingine, na mtu aliyekuwa akisoma akaacha kusoma. Sikufanya haraka. Niliitia mboni polepole mbele yao wote, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kitambaa, bila maji, bila muujiza, nikaizunguka ile punje nyeupe ya Bi Hija nisiiguse.

"Ndilo lile," alisema mzee Kombo. Alikuwa amesogea karibu. Nilimjua kwa pumzi zake. Kisha akasema polepole, "Huo ni mkono wa mchumke."

"Ndiyo, baba," nikamwambia. "Umesafiri nao miaka mingapi? Kamba zililegea?"

"La," akasema.

Nilimwambia Shali achunge kanzu yake. Aliondoka amekinyosha kibao mbele kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia la moto, akawapitia wanaume mmoja mmoja mpaka kwenye mlango wa nje, nao wakainama kutazama. Rangi ilikuwa mbichi, inang'aa, na Athmani alikuwa kaburini tangu juzi.